Kutoka Kituku hadi Ruzizi: maji yanayotoka kwa samaki

Jumatatu, Goma

Vijana wa mtaa wetu, hapa Kyeshero, wanataka kufuga samaki ndani ya Ziwa Kivu. Wamechanga pesa, wamenunua mapipa matupu na mabomba ya chuma ya kuundia vizimba, na mahali wamekwisha kupachagua: kighuba cha mawe meusi ya volkano, jirani kabisa na pale akina mama wanapochota maji. Kamati ya maji imenituma, kwa kuwa nafundisha kemia, nipite kandokando ya ziwa hadi Bukavu nikaone wafugaji wengine wanaishi vipi na maji yao, kisha nirudi na neno kabla ya mkutano. Nafuatana na mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, ambaye ni mmoja wa hao vijana. Kamati ilitaka aende mtu mmoja tu. Nilikataa. Akijionea mwenyewe atawaambia wenzake kwa kinywa chake, nao watamsikia kuliko watakavyonisikia mimi.

Asubuhi tumeshuka kwanza ziwani. Mabido ya njano ya lita 20 yamepangwa juu ya mawe, machukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, yanangoja, na kijana wa klori amekaa na sindano yake isiyo na ncha. Bido ikijaa, anavuta dawa, anaitia, mama anafunga kifuniko. Nusu saa baadaye maji yananyweka. Goma inakijua kipindupindu. Wengi wetu tunakumbuka mwaka 1994, na hakuna mtu hapa anayemdharau kijana yule.

Samaki hawaleti kipindupindu. Hilo nimemwambia mdogo wangu mapema, ili asidhani nimekuja na shtaka lisilo lao. Vijidudu vile hutoka kwenye kinyesi cha watu. Lakini klori haichagui cha kushambulia. Ikikuta amonia, ambayo samaki huitoa kupitia matamvua yao mchana na usiku, inaungana nayo na kudhoofika. Ikikuta vumbi la chakula na chembe za kinyesi, inaishia humo. Kwa kila miligramu 1 ya nitrojeni iliyomo kwenye amonia, hutakiwa kama miligramu 8 hadi 10 za klori kabla haijabaki iliyo huru kuua vijidudu. Maana yake ni kwamba kijana atavuta kipimo kilekile, mama atangoja nusu saa ileile, bido litaonekana safi, na klori iliyo huru haitakuwamo. Hilo ndilo linaloninyima usingizi kuhusu kighuba chetu, kuliko harufu na kuliko rangi ya maji. Maji yakinuka, mtu huyaacha. Yasiponuka atayanywa.

Jumanne, ziwani hadi Minova

Safari hii barabara ya Sake ilikuwa haipitiki kwa sababu ya vita, kwa hiyo watu na mali wote wa Minova walikuwa wanapita majini. Boti la kutoka Kituku, bandari ndogo ya Goma, limejaa magunia, jerikeni za mafuta na watoto waliolala. Tulipotoka nje ya ghuba mdogo wangu akaanza, akiniita yaya, yaani mkubwa wake:

“Yaya, samaki iko mu ziwa tangu zamani. Hizi sambaza zote, zinaendaka choo wapi?”

Ni swali zuri, na nitalisikia tena mkutanoni. Sambaza, samaki mdogo kama dagaa, aliletwa hapa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na tangu hapo anakula kile ambacho ziwa lenyewe linakiotesha. Anachukua humu, anarudisha humu, na mvuvi akimvua usiku kwa taa anapunguza. Samaki wa kizimbani anakula mahindi, soya na unga wa dagaa vilivyotoka nje. Kila gunia linalomwagwa ni nitrojeni na fosforasi ambazo jana hazikuwamo ziwani.

Nikatoa daftari tukapiga hesabu pamoja, magoti yetu yakiwa meza. Kupata tani 1 ya tilapia kunahitaji takribani kilo 1,600 za chakula kizuri. Chakula chenye protini asilimia 30 kina karibu kilo 77 za nitrojeni katika uzito huo. Nyama na mifupa ya samaki ikishachukua sehemu yake, kilo 25 hivi, zinabaki kama 50 zinazokwenda majini, nyingi zikiwa zimeyeyuka, hazionekani. Fosforasi inayobaki ni kama kilo 10. Mtu mzima mmoja hutoa takribani kilo 3 hadi 4 za nitrojeni kwa mwaka. Vijana wetu wanaota tani 10 kwa mwaka. Hizo ni kilo 500, sawa na choo cha watu zaidi ya 100 kilichoelekezwa ndani ya kighuba kimoja. Mdogo wangu aliirudia hesabu mara ya pili peke yake. Hakusema kitu.

Ziwa lenyewe nalo lina tabia zake. Kivu ina kina cha karibu mita 485, lakini samaki wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Chini ya mita 60 hivi hakuna oksijeni, na vilindi vimejaa gesi ya methani na kaboni dayoksaidi. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Septemba, upepo wa kusini-mashariki na ubaridi wa juu ya maji hulivuruga lile tabaka la juu: maji ya chini kidogo, yenye rutuba nyingi na hewa chache, yanapanda. Msimu huo mwani unastawi wenyewe bila msaada wa mfugaji.

Kuna na pH ya maji, kipimo cha asidi na alkali: 7 ni katikati, juu yake ni alkali. Maji ya juu ya Kivu yana pH karibu na 9, na mwalimu yeyote wa kemia akisikia hivyo anafikiria amonia papo hapo. Kwenye maji ya pH 7, amonia karibu yote imo katika umbo lisilodhuru samaki. Kwenye pH 9, na joto la nyuzi 24 kama la hapa, theluthi moja inageuka kuwa ile ya sumu. Kiasi ambacho bwawa la kawaida lingekivumilia, kighuba kilichotulia cha Kivu hakikivumilii. Wa kwanza kuumia ni samaki wa mfugaji mwenyewe.

Kabla ya Minova tulikuta vizimba vimeelea, vya mraba, vimefungwa kwa maboya. Nahodha alikubali kupunguza mwendo tukazungumza na mlinzi, baba mmoja aliyekuwa akipika ndani ya mtumbwi.

“Mu kiangazi, asubuhi ya mapema, samaki zote zinapanda juu, zinafungua kinywa. Tunajua maji imechoka,” alisema. “Siku ile hatutupi chakula.”

Kutotupa chakula siku ile ni akili. Alfajiri ndiyo saa ambayo oksijeni iko chini kabisa, kwa sababu usiku kucha samaki, mwani na vijidudu vyote vimeivuta bila jua kuirudisha. Novemba 2022, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, samaki wa vizimbani walikufa kwa wingi maji ya chini yasiyo na hewa yalipopanda. Mlinzi huyu hajasoma habari hiyo, ila anaijua.

Nilikuwa nimebeba mfuniko wa sufuria niliopaka rangi nyeupe na kuufunga kwenye kamba yenye mafundo. Padri Angelo Secchi alifanya hivyohivyo mwaka 1865 katika bahari ya Mediterania kwa diski nyeupe, na mpaka leo wapimaji wa bahari na maziwa wanafuata njia yake: unashusha, unaangalia unapotea kwenye fundo la ngapi. Kando ya vizimba ulipotea mapema. Tulipofika kwenye maji ya wazi, kamba ilishuka zaidi kabla weupe haujazimika. Maji yanayopita yanaupeleka uchafu mbali, na hapo upana wa ziwa unawasaidia.

Upande wa kuume, nyuma ya vilima, ndiko kwenye ghuba ya Kabuno. Hatukuingia. Lakini nimeandika kwa herufi kubwa: kule hewa inakwisha kwenye mita 10 hadi 12 tu, na maji yamejaa kaboni dayoksaidi. Mtu asishawishike na utulivu wake akaweka vizimba.

Jumatano, Minova hadi Kalehe

Siku ya pikipiki na vumbi, sina mengi. Tumepita Nyamukubi na Bushushu, ambako mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 400. Tulishuka tukasimama kimya kwa marehemu.

Mito ya huku inaingia ziwani ikiwa nyekundu kila mvua inaponyesha, kwa udongo wa milima iliyokatwa miti. Udongo ule nao unabeba fosforasi. Mfugaji akija kulaumiwa mkutanoni, atakuwa na haki ya kuuonyesha mlima. Itabidi tumjibu kwamba mlima hauchafui saa ileile na mahali palepale mama anapozamisha bido, kizimba kikiwekwa vibaya kinachafua hapohapo.

Alhamisi, Katana na njia ya Kavumu

Huku hakuna vizimba, ni mabwawa ya kuchimbwa kwenye mabonde, ya tilapia na kambare, na maji yake yote mwisho wake ni ziwani kupitia mifereji na vijito. Nilitamani kufika siku ya mavuno, na tumefika.

Mama mwenye mabwawa alitukaribisha vizuri, akatupa viti chini ya migomba. Chakula anakichanganya mwenyewe: pumba za mchele, machicha ya bia kutoka mjini, soya kidogo akipata. Nikamwomba kiganja kimoja nikakitia ndani ya beseni la maji. Kidogo kilielea, kidogo kikazama, na kilichobaki kikawa wingu la kijivu. Samaki hali wingu. Mama akalitazama beseni kwa muda mrefu, kisha akaanza kuhesabu magunia kwa vidole. Chakula ndicho kinachokula zaidi ya nusu ya gharama za ufugaji, na yeye anakinunua kwa mkopo wa likilimba, chama cha kuchangiana pesa. Kwa mtu kama huyu hakuna haja ya kuanza na maneno ya mazingira. Kinachochafua maji ya jirani ni pesa zake zilizoyeyuka. Tukazungumza juu ya kukanda unga kwa maji ya moto na mhogo kidogo, kuusokota, kuukausha juani ili ushikane, na kuutupa ndani ya fremu ya mianzi inayoelea, kidogokidogo, ukiacha samaki wanapopunguza mbio. Haya anaweza kuyafanya kesho.

Kisha wakafungua bomba la chini. Maji ya kwanza yalitoka ya kijani, si mabaya, na watoto wakaendelea kuoga kwenye mfereji. Yaliendelea hivyo karibu asubuhi nzima. Bwawa lilipobaki la kina cha goti, vijana wakaingia kuvuta wavu, miguu ikakoroga chini, na mfereji ukageuka mweusi. Harufu ya yai bovu ikapanda. Watoto wakatoka wenyewe.

“Ile ya mwisho njo inanukaka, mwalimu,” mama alisema. “Bale ba chini banatutukana.”

Wanaotukana wana haki. Wapimaji wa mabwawa wamelithibitisha mara nyingi: sehemu ya mwisho ya maji, kama moja ya tano hivi, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya tope, chembe na rutuba ya bwawa zima. Kwa hiyo si lazima kuyashika maji yote. Kuyashika yote mkulima hawezi, hana ardhi ya kutosha. Ayashike ya mwisho tu.

Na jirani yake, mzee mwenye bwawa moja, anafanya hivyo bila kuambiwa na mtu. Alitupeleka kuona. Maji yakifika kwenye goti anaziba bomba, anavua taratibu, na kile kinachobaki anakielekeza kwenye shimo pana lililopandwa matete pembeni. Tope linatulia humo siku mbili tatu, maji yanachujika kuelekea kwenye migomba, na tope likikauka analichota kwa jembe hadi kwenye kabichi. Nilimuuliza nani alimfundisha.

“Hii tope nilinunua,” alinijibu. “Ni chakula yangu iko chini pale. Nitaiachilia juu ya nini?”

Mdogo wangu alimwomba ruhusa akapima shimo kwa hatua zake, urefu na upana, akaandika. Tumekula fufu na lenga-lenga kwa huyo mzee mpaka jua likashuka, na hatujamalizana. Aliniuliza kama ni kweli kwamba samaki wa vizimbani hawana mahali pa kuzibia bomba. Nikamwambia ni kweli. Akatikisa kichwa: basi hao wanahitaji akili kuliko mimi, alisema, maana wao maji ya mwisho yanatoka kila siku.

Ijumaa, Bukavu

Rasi za Bukavu zinaingia ziwani na kuacha ghuba nyembamba kati yake, nzuri kuzitazama kutoka juu. Ukishuka ni habari nyingine. Mto Kawa unapita katikati ya mji ukiwa umebeba chupa, mifuko na choo cha mitaa ya juu, na wote unamiminwa humo. Nilishusha mfuniko wangu kwenye maji ya ghuba moja, nikaupoteza karibu mara moja. Hapa hakuna kizimba hata kimoja machoni. Ni mji wenyewe.

Tumemtembelea mwalimu wangu wa zamani, mzee wa elimu ya viumbe wa majini, ambaye bado anapokea wageni kibarazani. Kwa kuwa aliwahi kusoma ng’ambo, alitueleza waliyoyapitia watu wa bahari. Huko Norway na Scotland, salmoni walipowekwa kwenye ghuba zilizofungika, sakafu ya bahari chini ya vizimba ilifunikwa na mabaki, oksijeni ikaisha matopeni, na wadudu wa kawaida wakapotea wakabaki minyoo michache inayovumilia uchafu. Dawa waliyoiona inafanya kazi ni kupumzisha: vizimba vinaondolewa kwa miezi, sakafu inapona. Na kuvihamishia mahali penye mkondo. Zanzibar, katika ghuba ya Makoba, watafiti walijaribu kupitisha maji ya mabwawa ya samaki kwa chaza na mwani wa baharini, hao wakala kile samaki walichokitupa.

“Lakini musiige bahari bila kufikiri,” alituonya. Baharini maji kupwa na kujaa yanafagia ghuba mara mbili kwa siku, Kivu haina maji kupwa. Baharini mara nyingi kinachozuia mwani usistawi ni uhaba wa nitrojeni; kwenye maziwa, mara nyingi fosforasi ndiyo ya kuogopwa. Kisha akanifundisha jambo ambalo sikuwa nimeliunganisha. Mchana upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Samaki akila, amonia yake inapanda saa chache baadaye. Ukilisha saa sita mchana, unampa upepo wa alasiri mzigo wa kuuleta ufukweni, saa ambazo watoto wametoka shule na wanatumwa maji. Ukilisha mapema zaidi, huku hewa imeshaanza kurudi majini lakini upepo bado haujakaza, unapunguza. Hakusema tatizo linakwisha. Alisema linapungua.

Nilimuuliza kuhusu vilindi. Akasema hapo ndipo Kivu inapotofautiana: kinyesi kikizama chini ya mita 60 kinaingia kwenye tabaka lisilochanganyika kwa urahisi na la juu. Kwenye ghuba ya kina kifupi kinarudi kiangazi kijacho. Nusu ya tatizo iko kwenye kina cha maji chini ya wavu. Lakini amonia iliyoyeyuka haizami, hiyo inabaki juu na sisi.

Jumamosi, mdomo wa Ruzizi

Hapa ndipo ziwa zima linapotokea kwa Mto Ruzizi, kuelekea Ziwa Tanganyika. Vyupa vya plastiki vimekusanyika, na kwenye bwawa la umeme la Ruzizi takataka zilezile zinaziba mitambo mpaka miji inakosa taa. Watu wa Uvira, mji ulio huko Tanganyika, wanapokea kwetu kama sisi tunavyopokea kutoka milimani.

Tulikaa kwenye ukuta na daftari. Nilikuwa nimeandika masharti: vizimba vitoke kighubani, vivuke rasi ya mawe, viwekwe mahali ambapo chini ya wavu kuna kina kirefu, chakula kinachoelea, si unga, kulisha asubuhi, na kusimamisha samaki wakionekana juu alfajiri, samaki waliokufa wazikwe nchi kavu, wasitupwe majini.

“Mbali kule banaiba, yaya,” alisema mdogo wangu. “Nani atalala kule? Na kamba ya nanga, unajua bei ya mita moja?”

Hakuwa anapinga kwa ubishi. Ufukwe wa Goma unaporomoka ghafla, kwa hiyo kina hakiko mbali sana, ila kamba ni ndefu na mlinzi anataka mshahara. Nilipendekeza kamati ya maji ichangie mlinzi, kwa kuwa kinacholindwa ni bido pia. Yeye akaona kamati haitakubali kutoa faranga kwa ajili ya samaki wa watu wengine. Tulibishana hadi boti lilipokuwa karibu kuondoka, na hilo tunalipeleka mkutanoni likiwa halijaisha.

Lililoisha ni moja. Kuna vidonge vinavyogeuza maji kuwa ya waridi pale klori iliyo huru inapokuwamo. Ukidondosha kimoja kwenye kikombe unajua kama dawa imebaki. Tutaomba kijana wa klori apewe boksi, apime nusu saa baada ya kutia dawa, kila asubuhi na kila alasiri, na aandike. Vipimo vya kwanza vichukuliwe mwezi mzima kabla ya kifaranga cha samaki hata kimoja kuingia majini, ili baadaye pasiwe na ubishi wa nani alianza. Mdogo wangu amekubali, na ameomba vipimo vya alasiri avichukue yeye.